Posa Iliyopanda Basi

Wimbo ulibadilika walipokwisha kuiacha Msaken nyuma.

Mpaka hapo wanawake walikuwa wakimsalia Mtume, sauti zikipanda na kushuka pamoja na dufu, maana kesho yake ilikuwa Maulidi na basi zima lilikuwa likienda kuisherehekea Kairawan. Monji aliendesha mkono mmoja ukiwa dirishani. Hakuwa amekaribia furaha namna hiyo tangu siku aliyomzika mkewe. Ndipo yule mama mnene wa kiti cha nyuma, Bi Shadlia, alipobadilisha pigo la dufu. Akaanza wimbo wa bibi arusi, ule anaoimbiwa anapotiwa hina. Wenzake wakamwitikia. Na pale katikati, mahali ambapo jina la mwenye shughuli hutiwa, wakalitia.

"Zakia! Zakia! Ua limepata mwenyewe!"

Kigelegele kikapasua basi.

Monji akainua macho kwenye kioo cha juu. Zakia alikuwa ameketi dirishani, amepakata bakuli la asida, uji mzito mtamu wa Maulidi, lililofunikwa kitambaa cheupe. Hakuwa akiimba. Alikuwa akimtazama yeye, Monji, kupitia kioo kile kile, na macho yake, yale macho ambayo Monji aliyabeba kichwani kila alipokwenda na kila aliporudi, leo yalikuwa yamewaka. Monji hakuielewa hasira ile. Kama kulikuwa na mtu wa kukasirika ndani ya basi hili, alijiambia, si huyo.

"Kuna nini?" alimuuliza Lutfi, aliyekuwa kiti cha mbele kando yake. "Nani anaolewa?"

Lutfi alikuwa kaka yake Zakia, tena mwenyekiti wa chama cha mtaa wao kule Ksar Hilal. Njia nzima alikuwa akibangua mbegu za alizeti na kudondosha maganda sakafuni, kwenye basi la mwenzake, kama watu waliozoea kufagiliwa.

"Kwani hukuambiwa?" Lutfi hakugeuza hata shingo. "Dada yangu, alhamdulillahi. Fatiha yake inasomwa leo adhuhuri pale kwenye zawiya ya Sidi Sahbi. Anayemchukua ni Haji Tijani, yule muuza mazulia. Tukasema, watu wanakwenda, basi lipo. Safari moja huanzisha nyingine, au siyo?"

Mkono wa Monji uliokuwa dirishani ulirudi ndani ukashika usukani.

Sasa aliikumbuka kwa uchungu asubuhi ile aliyokodiwa. Lutfi alimkuta nje ya nyumba akiosha basi. Alikuja na suti yake ya vikao, akalizunguka basi, akapiga teke gurudumu.

"Hili gari linafika Kairawan, au tutasukuma?"

"Limefika Tozeur na likarudi. Mnakwenda wangapi?"

"Akina mama wa mtaa, na wazee wawili watatu. Kina Bi Shadlia. Mama mkwe wako pia amesema anakuja. Na dada yangu Zakia."

Monji aliyafunga maji ya mpira. "Zakia naye?"

"Naye. Bei yako?"

"Tutaelewana."

Akakubali hivyo hivyo, bila kubishana, mtu ambaye hubishana hata na muuza chumvi. Usiku kabla ya safari alipangusa viti vyote kwa sabuni yenye manukato. Asubuhi alinunua kishada cha asumini akakitundika mbele, akijua harufu itafika hadi kiti cha tatu. Kumbe mwenzake anamkodi abebe posa ya mwanamke anayempenda ampelekee mwanamume mwingine! Watu wakishapewa uenyekiti, hujiona wamepewa pamoja na watu wenyewe.

Wenye vyeo Monji aliwajua. Wasila, mkewe, alifariki akingoja saini ya mkubwa mmoja wa hospitali aliyekuwa ametoka kwenda kula chakula cha mchana. Mkubwa aliporudi, akijichokonoa meno, alisema, "Pole, mngenipigia simu." Tangu siku hiyo Monji hakumwamini mtu yeyote mwenye ofisi, wala mwenye muhuri, wala mwenye kuitwa mwenyekiti, hata kama ni wa chama cha kufagia mtaa.

Na fatiha si mchezo. Wanaume huinua viganja, husoma, huitikia amini, na hapo neno limekwisha kufungwa. Karatasi zitakuja baadaye, sheria itauliza itakayouliza, lakini mwanamke atakayesema hapana baada ya amini ile atakuwa amemwaibisha baba yake hata kaburini. Kibaya zaidi, bibi mwenyewe huwa hayupo. Huwa chumba cha pili na wanawake, anasikia tu sauti ya amini kupitia ukutani.

"Tangu lini," Monji alisema, na alishangaa sauti yake ilivyotulia, "mwanamke akapakiwa ndani ya gari kwenda kuposwa? Kwetu sisi mwanamume ndiye anayekuja na wazee wake, anabisha hodi, anakaa, anaomba."

"Haji ni mtu mkubwa. Ana shughuli zake."

"Miguu pia anayo. Au ameiuza pamoja na mazulia?"

Lutfi akaacha kubangua. "Endesha gari, bwana. Umekodiwa kuendesha."

Monji akaendesha. Mizeituni ikapita upande huu na upande ule. Nyuma wanawake waliliimba jina lile tena na tena, na kila walipoliimba likamchoma upya. Walipofika Sidi el Hani, pale kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara, akapinda ghafla mpaka dufu likaanguka.

"Injini imechemka," alitangaza. "Shukeni mnyooshe miguu."

Injini ilikuwa baridi kama kisima. Lakini harufu ya nyama ya kondoo haina mpinzani. Wanawake wakashuka wakicheka, Lutfi akaenda kuchagua paja. Monji akazunguka nyuma ya basi, akafungua mlango wa injini, akasimama akiukodolea macho mkanda usio na kosa lolote.

"Usijifanye unatazama injini."

Hakuhitaji kugeuka. Angeitambua sauti ile hata kwenye soko la Ijumaa.

"Hongera, bibi arusi," alisema.

"Hongera yako wewe," Zakia alijibu. "Umenipakia vizuri. Umeosha mpaka matairi. Na asumini juu! Hata ng'ombe wa mahari hapambwi hivyo."

Monji akageuka. Zakia alisimama karibu, ushungi umelegezwa na upepo wa ziwa la chumvi la jirani, shavu moja jekundu kwa jua la dirishani. Kwa nukta moja alisahau alichotaka kusema, na hilo likamwongezea hasira.

"Mimi nimekupakia? Mimi nimesikia sasa hivi, kwa wimbo! Nimejua posa yako kutoka kwa dufu la Bi Shadlia, kama mpita njia!"

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu."

"Nilimuuliza kaka yangu kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia, Monji anajua basi linakwenda kufanya nini? Akaniambia anajua, na ametuombea heri. Akasema, hata bei hakubishana kwa furaha aliyokuwa nayo. Ndipo nikamwambia Lutfi sawa, mwambie Haji ndiyo. Siku hiyo hiyo, jioni ile ile!"

"Sikubishana bei kwa sababu..." Monji akakwama.

"Kwa sababu gani? Sema. Hapa hakuna abiria."

"Kwa sababu alisema na wewe unakuja."

Zakia akaurudisha ushungi kichwani. Upande wa pili wa basi kulisikika kisu cha mwenye kibanda kikigonga mfupa, na Bi Shadlia akilalama kwamba amewekewa mafuta matupu. Mkono wa Monji ulikuwa karibu kabisa na mkono wake juu ya bodi ya gari, na hakuna aliyeusogeza, wala mbele wala nyuma.

Kisha Zakia akakumbuka kwamba ana hasira.

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano unapita mlangoni kwetu, unapunguza mwendo, unatazama dirishani, unakwenda zako. Mtu akipunguza mwendo huwa ana la kusema. Mimi nikasimama nyuma ya pazia kama mjinga, nikingoja aseme. Mwanamke wa umri wangu! Nimeungua vidole kwa pasi mara ngapi kwa ajili ya ngurumo ya hili gari lako bovu?"

"Nililisema! Nilituma mtu! Mkajibu kwamba mnafikiria. Miezi mitano mnafikiria! Hata ngamia hufikiri upesi kuliko nyumba yenu."

"Ulimtuma nani?"

"Mama Mahbuba."

Zakia alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Halafu akacheka, kicheko kibaya, kifupi.

"Ulimtuma mama wa mke wako aje kukuposea mke."

Likisemwa hivyo, kwa sauti, barabarani, Monji mwenyewe alilisikia lilivyo.

"Sina mama, sina dada!" alifoka. "Ningemtuma nani, fundi wa matairi? Desturi inataka wanawake watangulie. Yeye ndiye mwanamke pekee niliye naye. Ananipikia, ananifokea, ni mama yangu. Nilimwomba, akasema sawa."

"Alikuja," alisema Zakia polepole. "Alikunywa kahawa. Akatoa picha ya Wasila kifuani, akalia. Akatwambia wewe huli, hulali, kila Ijumaa uko makaburini, na mwanamume aliyependa namna ile hapendi tena. Kisha akaaga. Neno la posa halikutoka, Monji. Hata moja. Mimi nilimsindikiza mpaka nje nikimwonea huruma, na wewe nikakuonea huruma. Nikajiambia, Zakia, funga mdomo wako, huyu bado ni wa marehemu."

Monji akaubamiza mlango wa injini, akaenda kwa hatua za kuvunja mawe.

Bi Mahbuba alikuwa kivulini, kwenye kiti cha plastiki, akichovya mkate kwenye harisa ya pilipili. Alimwona mkwewe anavyokuja, akauweka mkate chini. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, na alikuwa amezika mtoto wake wa pekee.

"Mama, ulisema nini nyumbani kwa Zakia?"

"Mwanangu, watu wanakula."

"Ulisema nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Uliniambia wanafikiria. Kila wiki nakuuliza, kila wiki unaniambia wanafikiria, Monji, kuwa na subira. Nikasubiri! Leo nampeleka mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa mafuta yangu, nikamkabidhi kwa mtu mwingine!"

Kisu cha mwenye kibanda kilinyamaza. Wanawake wote waligeuka.

Bi Mahbuba akainuka. Hakufika hata begani kwa Monji, lakini hasira aliyoinuka nayo ilimrudisha mkwewe hatua nzima.

"Nilifungua mdomo," alisema. "Wallahi nilifungua. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, tumekuja kwenu kwa heri, tunaomba mkono wa binti yenu. Nikafungua mdomo, likatoka jina la binti yangu. Ulitaka nifanye nini? Ulinituma mimi! Ksar Hilal nzima imejaa wanawake, ukanituma mimi niende nikamzike Wasila mara ya pili, tena nivae nguo nzuri, tena nichukue na sukari! Hukuliona hilo? Ninyi wanaume mnaona barabara tu!"

Hasira yake ilikuwa imekuja mbio kama gari lisilo na breki, ikakuta ukuta, na ukuta wenyewe unalia.

"Ungeniambia, Mama," alisema. "Ungeniambia tu kwamba huwezi."

"Ningekuambia, ungemtuma mwingine," alisema Bi Mahbuba. "Nami ningebaki na nani?"

Hapo Lutfi akaja, anapangusa vidole kwa karatasi. "Kuna nini hapa? Bi Mahbuba, usilie siku ya furaha. Dereva, injini imepoa? Twende, Haji anasubiri."

"Lutfi," alisema Zakia. Alikuwa amesimama nyuma yao wote. "Uliniambia Monji anajua."

"Anajua sasa."

"Uliniambia ametuombea heri."

Lutfi aliwatazama wanawake, akatafuta ile sauti yake ya vikao. "Dada, hayo ni mambo madogo. Nimekutafutia mtu wa heshima. Unajua mimi naulizwa nini pale mkahawani? Dada yako ana kasoro gani? Dada yako atazeekea kwenye cherehani? Mimi ndiye ninayebeba maneno hayo, si wewe."

"Na nyumba ya baba utaibeba vilevile, nikishaondoka."

Mtu mmoja akaguna. Bi Shadlia alisema, "Ehee," akaendelea kutafuna.

"Hapa si mahali pa mambo hayo!" alisema Lutfi. Uso ulikuwa umemwiva. "Nimekwisha kutoa neno langu kwa mtu. Pandeni!"

"Pandeni," Monji aliitikia, naye akiwa amekwisha kufika mlangoni, funguo mkononi. "Pandeni nyote. Tunarudi Ksar Hilal."

Zogo likazuka.

"Turudi wapi? Na Maulidi yetu je?"

"Mimi nina nadhiri ya kuswali msikiti mkuu!"

"Hili basi limekodiwa na chama!" Lutfi alipiga kelele. "Linakwenda ninakosema mimi!"

"Basi la chama linywe dizeli ya chama!" Monji alirusha mkono. "Hili ni langu. Sitampeleka. Watu wa kuamua wameamua vya kutosha. Anayeamua leo ni mwenye usukani."

"Ligeuze," alisema Zakia.

Hakuipandisha sauti.

"Ligeuze, Monji. Utakuwa mwanamume wa pili leo kunipeleka mahali nisikoomba kwenda."

Monji alibaki mguu mmoja chini, mmoja ngazini. Alihisi masikio yanawaka. Alitaka kusema kwamba yeye si Lutfi, kwamba yeye anampenda, kwamba hiyo ndiyo tofauti. Lakini aliposikia maneno hayo kichwani mwake kabla hayajatoka, alijua Lutfi naye angeyasema.

"Unataka nikupeleke kwake?"

"Nataka unipeleke Kairawan. Kwake nitakwenda kwa miguu yangu."

"Ukamwambie nini?"

"Hilo ni langu mimi na Haji Tijani. Yeye peke yake hajanikosea. Walionikosea wote wako hapa, wanakula nyama."

Akampita, akapanda, akaketi mahali pake, akapakata bakuli lake.

Katika miaka yote aliyoshika usukani Monji hakuwahi kuendesha safari nzito kama kile kipande kilichobaki. Basi lilikuwa kimya kama linabeba jeneza. Nyika ilinyooka mbele, barabara imenyooka ndani yake, na kila nguzo ya umeme iliyopita ilikuwa imemsogeza Zakia kwa mwanamume mwenye duka na jina jema, na mikono isiyonuka dizeli. Mjinga si mimi, alijisemea, ningekuwa mjinga ningekuwa mwenyekiti. Lakini anayempeleka ni nani? Mimi. Alijua mwanamke mwenye hasira anaweza kuolewa kwa hasira. Zakia alikwisha kusema ndiyo mara moja kwa sababu hiyo. Nini kitamzuia kusema mara ya pili?

Mara nyingi alitazama kioo. Zakia alitazama nje. Mara moja tu, pale ukuta wa mji ulipoanza kuonekana, macho yao yalikutana, na Monji aliona kwamba na yeye anaogopa. Hapo akatamani kuliegesha basi, akapige magoti kwenye sakafu ile iliyojaa maganda ya alizeti. Lakini nyuma yake malori yalikuwa yakipiga honi.

Kairawan ilikuwa imefurika. Bendera zilikuwa zimetundikwa toka ukuta mpaka ukuta, wauza makrudi, vile vitamu vya tende, walikuwa wakiita, nyuki wakizunguka sinia za asali kama wamealikwa. Monji alijipenyeza mpaka karibu na Sidi Sahbi, akazima injini.

Lutfi aliruka kabla gari halijatulia. "Wanawake mlango ule wa pembeni," alisema. "Zakia, nenda nao. Utaitwa." Kisha akaondoka mbio-mbio, suti ikimpepea, na Monji akaelewa: anakwenda kuifunga haraka. Fatiha yenyewe ni sura fupi. Mtoto wa chuo cha Kurani huimaliza kwa pumzi moja.

Zakia naye alielewa. Akamkabidhi Bi Mahbuba bakuli bila neno, akashuka, akaanza kutembea kuelekea lango kubwa. Umati ulimmeza. Monji akamfuata akisukuma mabega ya watu, anaomba radhi, anatukanwa. Akafika kwenye ua wa vigae vya buluu na kijani, akasimama kizingitini.

Walikuwa wameketi kwenye mkeka chini ya ukumbi, watu saba au nane wenye kanzu za sufi nyeupe. Haji Tijani alikuwa katikati, mzee wa ndevu fupi, uso mpole. Lutfi alikuwa ameketi mbele yake akihema. "Bismillahi," alisema Lutfi, "tusiwacheleweshe watu," na viganja vyote vikainuka pamoja.

Zakia alikuwa bado katikati ya ua.

Monji alikuwa na sauti. Sauti ya kuita abiria kituoni, sauti ya kusimamisha lori. Aliuma mdomo wa chini, akaishikilia, kwa sababu aliambiwa hilo si lake. Alisikia aya ya kwanza ikisomwa. Alisikia ya pili.

"Teremsheni mikono, wazee wangu."

Msomaji akanyamaza. Vichwa viligeuka. Zakia alikuwa amesimama ukingoni mwa mkeka, vidole vya miguu vikiugusa, mikono imening'inia mitupu.

"Rudi ndani!" Lutfi alisema.

"Haji," Zakia alisema, bila kumtazama kaka yake, "uliambiwa nimekubali?"

"Niliambiwa hivyo, binti yangu. Na kaka yako."

"Ni kweli nilisema ndiyo. Niliisema kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako. Nilikuwa nataka kumkomoa mtu mwingine. Wewe ni mtu wa heshima. Hustahili mke wa kukomolea."

Mmoja wa wale wazee alisema astaghfirullahi. Viganja vilibaki hewani, havijui viende wapi. Shingo ya Haji Tijani ilikuwa imeiva mpaka kwenye kola.

"Umenivunjia heshima mbele ya ndugu zangu," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Sikumtuma mtu."

Haji alivuta pumzi kwa nguvu puani. Kisha akaishusha mikono yake, wa kwanza, akaiweka juu ya magoti. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

"Neno la kabla ya amini ni neno," alisema. "La baada ya amini lingekuwa kesi. Nenda, binti. Mimi nitakasirika hapa peke yangu." Halafu akamgeukia Lutfi, na upole wote ukamtoka. "Wewe kaa. Na wewe bado tuna maneno."

Zakia alitoka kwa hatua zile zile alizoingia nazo. Alimkuta Monji kizingitini, watu wakimpiga vikumbo huku na huku, na akasimama mbele yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usitabasamu."

"Sitabasamu."

"Nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Umenifanya nimwaibishe mzee wa watu mbele ya ukoo wake. Ungefungua mdomo wako miezi mitano iliyopita, haya yote yasingekuwepo."

"Na wewe ungefungua dirisha! Mimi pia nina hasira, Zakia. Usidhani uko peke yako. Nina hasira na wewe, na Lutfi, na mama, na mimi mwenyewe. Nina hasira hata na huyo Haji kwa kuwa mtu mwema."

"Basi uliza," alisema Zakia. "Hivyo hivyo ulivyo. Usitume mtu. Uliza."

Maneno aliyokuwa ameyapanga miezi yote ile, matamu, yenye asumini ndani yake, yalimtoroka yote. Watu walipita na mishumaa, mwanamke akamkanyaga, na Monji hakulihisi.

"Sitaacha kwenda makaburini siku ya Ijumaa," ndicho kilichomtoka.

"Sikukuuliza hilo. Ungekuwa umeacha, ningekuogopa."

"Mama Mahbuba atakaa kwangu. Hana mtu."

"Kwani nani amesema afukuzwe? Monji, uliza!"

"Utakubali niwe mume wako?"

"Ndiyo!" alisema Zakia, kwa sauti ya mtu anayemfukuza paka jikoni.